Muuguzi anayemtibu mtoto: Amesomea nini, na wapi mipaka yake?

KILA mwaka akina mama wengi wa Kenya hupanda ndege kwenda Marekani kuwasaidia binti zao waliojifungua. Miongoni mwa mambo yanayowashangaza huko, mbali na baridi, ni kliniki ya watoto. Mtoto ana homa na anavutavuta sikio. Anafikishwa kliniki, anapimwa uzani na joto, kisha anaingia mwanamke asiyejiita daktari. Anamuuliza mama maswali mengi, anamchungulia mtoto ndani ya sikio, anamsikiliza kifua, anaeleza ugonjwa ni upi na kuandika dawa. Halafu anaaga na kuondoka.

"Sasa daktari anakuja saa ngapi?" huuliza nyanya.

"Mama, ndiye huyo aliyetoka. Hakuna mwingine anayekuja," hujibu binti.

Baadhi ya nyanya hurudi nyumbani wakiamini kwamba mjukuu amenyimwa haki yake kwa kuwa wazazi wake ni wageni, au kwamba bima ya binti yao ni ya bei ya chini. Sivyo. Aliyemtibu mtoto ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo hadi kiwango cha shahada ya uzamili au zaidi. Kwa kuwa hapa kwetu bado hana jina lililozoeleka, katika makala haya tutamwita muuguzi tabibu wa watoto.

Hata hivyo, swali la nyanya si la kupuuzwa. Mtoto mchanga hawezi kusema anaumwa wapi, na anaweza kuzidiwa katika muda wa saa chache tu. Mtu anayemshika ni lazima ajue anachokifanya. Kwa hivyo jambo la kuulizwa si jina la cheo chake, bali amesomea nini, kwa muda gani, na ni nani aliyemsimamia alipokuwa akijifunza. Majibu yanamfaa mzazi. Yanamfaa pia muuguzi wa Kenya anayetamani kwenda kusomea kozi hiyo, kwani asiyeielewa vyema anaweza kupoteza akiba ya miaka mingi.

Ilianzia Colorado

Kozi ya kwanza ya aina hii ilianzishwa mwaka wa 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Denver. Waanzilishi wake walikuwa wawili: Loretta Ford, aliyekuwa muuguzi wa afya ya jamii, na Dkt Henry Silver, daktari wa watoto. Ford alikuwa amefanya kazi mashambani na kuona jinsi familia nyingi zilivyokaa mbali na madaktari. Aliona pia kwamba sehemu kubwa ya mahitaji ya watoto hao ilikuwa chanjo, lishe, kuangaliwa jinsi wanavyokua, na matibabu ya maradhi ya kawaida. Kazi hiyo, yeye na Silver walisema, muuguzi aliyefunzwa vizuri angeweza kuifanya.

Wakati uliwafaa. Mwaka huo huo wa 1965 Serikali ya Marekani ilipitisha mipango ya kuwalipia matibabu wazee na watu maskini, na idadi ya waliotafuta huduma ikaongezeka huku madaktari wakiwa hawatoshi.

Upinzani haukukosa. Baadhi ya madaktari waliona wananyang'anywa kazi yao. Na pengine jambo la kushangaza zaidi ni kwamba walimu kadha wa uuguzi nao walipinga, wakidai kwamba muuguzi alikuwa akigeuzwa kuwa daktari mdogo na kuacha wito wake. Ford alishikilia kwamba huo ulikuwa uuguzi ule ule, ila umepanuliwa. Mnamo 1972 alikwenda kuwa mkuu wa kwanza wa shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York. Alifariki Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 104. Kufikia wakati huo wauguzi tabibu wa kila aina nchini Marekani walikuwa wamepita laki tatu. Wengi wao ni wa kutibu familia nzima. Waliojifunga kwa watoto pekee ni wachache.

Kozi za mwanzo zilikuwa fupi, na aliyehitimu alipewa cheti tu. Miaka ilivyosonga masomo yaliongezwa uzito na kuhamia kiwango cha uzamili. Siku hizi mtu hawezi kuukalia mtihani wa kitaifa wa wauguzi tabibu wa watoto bila shahada ya uzamili, shahada ya udaktari wa uuguzi, au cheti cha chuo kikuu kinachosomewa baada ya uzamili.

Ngazi kwa ngazi

Safari yenyewe huwa hivi. Kwanza mtu husomea shahada ya kwanza ya uuguzi, ambayo kwa kawaida huchukua miaka minne. Kisha hufanya mtihani wa leseni ujulikanao kama NCLEX na kusajiliwa na jimbo analotaka kufanyia kazi. Vyuo vingi hupendelea awe amefanya kazi na watoto kwa muda, wodini au kliniki, kabla ya kumpokea. Halafu husoma uzamili kwa miaka miwili au mitatu ikiwa anasoma muda wote. Anayetafuta udaktari wa uuguzi huendelea zaidi ya hapo.

Kuhusu udaktari huo kumekuwa na mvutano. Mwaka wa 2004 chama cha vyuo vya uuguzi vya Marekani kilipendekeza kwamba kufikia 2015 kila muuguzi tabibu awe anahitimu kwa kiwango hicho. Mwaka huo ulifika na kupita, na shahada ya uzamili bado inatosha kumfikisha mtu kwenye mtihani.

Darasani kuna masomo matatu ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakwepa. La kwanza ni jinsi maradhi yanavyovuruga utendaji wa mwili. La pili ni namna ya kumpima mgonjwa kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu. La tatu ni elimu ya dawa. Juu ya hayo matatu huwekwa elimu ya mtoto mwenyewe: ukuaji wake, lishe, chanjo, tabia na maradhi yake, tangu kuzaliwa hadi umri wa miaka 21.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mtoto atengewe masomo yake peke yake. Sababu ni kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Chukua mfano wa kupumua. Mtu mzima akivuta pumzi mara 40 kwa dakika, huyo ni mgonjwa mahututi. Kwa mtoto mchanga wa wiki mbili, hiyo ni hali ya kawaida. Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa chini ya miezi miwili huhesabiwa kuwa anapumua kwa kasi akifika mara 60 kwa dakika. Wa miezi miwili hadi 11, mara 50. Na wa mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza miaka mitano, mara 40. Asiyezijua tarakimu hizi ataiacha nimonia ipite mbele ya macho yake.

Homa nayo ni vivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitatu mwenye joto la nyuzi 38, anayecheza na kunywa maji vizuri, anaweza kuangaliwa nyumbani. Mtoto ambaye hajatimiza mwezi mmoja akiwa na joto hilo hilo ni dharura. Hospitali ni siku hiyo hiyo, hata kama ananyonya.

Dawa ndiyo yenye mitego zaidi, kwa kuwa mtoto hupewa kwa kadiri ya kilo zake. Kipimo cha kawaida cha paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kwa hivyo mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Sasa, chupa nyingi za dawa hii ya maji zinazouzwa hapa Kenya huwa na miligramu 120 katika kila mililita tano. Zile za Marekani huwa na miligramu 160 katika kiasi hicho hicho. Nyanya aliyebeba chupa kutoka Nairobi na binti aliyenunua nyingine huko wana dawa mbili zenye nguvu tofauti, ingawa kijiko ni kile kile. Muuguzi tabibu hufunzwa kuuliza ni chupa gani mtoto alipewa, kiasi gani, na saa ngapi, kabla ya kuandika chochote.

Na kwa kuwa watoto wake hufikia ujana, hufunzwa pia kumtoa mzazi nje kwa dakika chache ili azungumze na kijana faraghani kuhusu mambo ambayo hangeyasema mbele ya babake.

Saa za kushika mgonjwa

Pamoja na hayo yote, kiini cha mafunzo haya hakiko darasani. Kiko katika saa ambazo mwanafunzi hutumia na wagonjwa halisi chini ya jicho la msimamizi, ambaye anaweza kuwa daktari au muuguzi tabibu aliyekomaa. Kwa muda mrefu kiwango cha chini kilikuwa saa 500. Mwaka wa 2022 viwango vya kitaifa viliongezwa hadi saa 750 za kuwahudumia wagonjwa ana kwa ana.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza lakini mgumu kuufanya. Mwanafunzi huingia kwa mtoto kwanza, peke yake. Huuliza, hupima, hufikiri. Kisha hutoka na kumweleza msimamizi alichokiona. Msimamizi humhoji: Unadhani ni nini? Ni nini kingine kinachoweza kufanana na hicho? Ni ugonjwa upi wa hatari ambao hutaki ukuponyoke? Halafu msimamizi huingia na kumpima mtoto mwenyewe. Mwanafunzi aliyesema sikio ni zima huku limevimba hugundua kosa lake papo hapo, kabla mtoto hajapelekwa nyumbani.

Hapa ndipo muuguzi hubadilika. Kabla ya hapo amezoea kuona dalili mapema, kumwita daktari na kutekeleza agizo. Hiyo ni kazi nzito na ya heshima. Lakini sasa agizo linatoka kwake. Wengi husema kwamba jambo linalowatia hofu zaidi si kukosa kujua jina la ugonjwa, bali kuamua kwamba mtoto huyu anaweza kurudi nyumbani na yule asirudi. Uamuzi huo haupatikani kwa kusoma kitabu. Hupatikani ila kwa kuwaona watoto wengi, wazima na wagonjwa, mpaka jicho lizoee.

Ni haki pia kusema wazi kwamba saa 750 si sawa na mafunzo ya daktari bingwa wa watoto. Huko Marekani daktari huyo husoma udaktari miaka minne baada ya shahada ya kwanza, kisha huongeza miaka mitatu hospitalini akijifunza watoto pekee. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo ya muuguzi tabibu ni kujua mipaka yake: ni mtoto gani anayemtosha, na ni yupi wa kupelekwa kwa daktari bila kuchelewa.

Matawi mawili

Kozi yenyewe ina matawi mawili, na ni vyema kutoyachanganya. Tawi la kwanza ni la huduma za kawaida: kliniki, shule na vituo vya afya, ambako mtoto hupata chanjo, huangaliwa ukuaji, na hutibiwa mafua, masikio, pumu na upele. Tawi la pili ni la mtoto aliye mahututi au mwenye ugonjwa unaobadilika haraka: wodini, katika chumba cha dharura, na katika kitengo cha wagonjwa mahututi. Kila tawi lina mtihani wake wa kitaifa. Aliyesomea la kwanza akitaka kuhamia la pili, hurudi chuoni kwa masomo ya ziada.

Hata baada ya kupita mtihani, uhuru wa kazi hutegemea jimbo. Katika zaidi ya nusu ya majimbo muuguzi tabibu anaweza kupima, kutibu na kuandika dawa bila mkataba na daktari. Katika mengine, kama vile Texas, sheria humtaka awe na makubaliano na daktari ndipo aandike dawa.

Je, wagonjwa wanaotibiwa hivi hupata hasara? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia uliochapishwa mwaka wa 2000 uliwagawa wagonjwa zaidi ya 1,300 jijini New York kwa bahati nasibu, wengine kwa madaktari na wengine kwa wauguzi tabibu. Baada ya miezi sita hali yao ya afya haikutofautiana. Hao walikuwa watu wazima, si watoto, na walikuwa wagonjwa wa kliniki za kawaida. Kwa hivyo utafiti huo unaunga mkono kazi ya kliniki. Hauthibitishi kwamba muuguzi anaweza kuchukua nafasi ya daktari bingwa katika kila jambo.

Hapa kwetu

Msomaji wa Nairobi au Mombasa huenda akasema kwamba mbona jambo hili si geni. Kweli. Katika zahanati nyingi za Kenya anayempokea mtoto, kumpima na kumpa dawa ni muuguzi, na katika vituo vya afya na hospitali ni afisa wa kliniki. Tofauti ni kwamba muuguzi wetu aghalabu hufanya hivyo kwa sababu hakuna mwingine, ilhali yule wa Marekani amesomeshwa, akatahiniwa na kupewa leseni kwa kazi hiyo hiyo.

Njia za kujiendeleza zipo. Chuo cha mafunzo ya udaktari cha KMTC hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa watoto, na maafisa wa kliniki nao wana stashahada yao ya juu ya afya ya watoto. Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya uzamili ya uuguzi wa watoto. Haja ni kubwa. Kwa mujibu wa uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2022, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai nchini, 41 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano, na 21 kati yao hata mwezi mmoja hawaumalizi. Idadi imeshuka, kwani mwaka wa 2014 ilikuwa 52. Lakini wengi wa wanaobaki hatarini ni wachanga kabisa, ambao dalili zao ni ndogo na zinahitaji jicho lililofunzwa.

Kabla ya kulipa karo

Kwa muuguzi wa Kenya anayeitamani kozi hii Marekani, mambo kadha ni ya kuzingatia kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Mosi, mwenye stashahada pekee hawezi kuruka moja kwa moja hadi uzamili; ni lazima apitie shahada ya kwanza au mpango maalumu unaoiunganisha na uzamili. Vyeti vyake vya Kenya pia vitakaguliwa na ni lazima apite NCLEX. Bila leseni ya uuguzi ya jimbo, hataruhusiwa kushika mgonjwa, na bila kushika mgonjwa hakuna kuhitimu.

Pili, hakikisha kozi imeidhinishwa na shirika linalotambulika la kukagua masomo ya uuguzi huko, kama vile CCNE au ACEN. Uliza pia kama kozi hiyo ni ya watoto na ni ya tawi lipi, maana anayehitimu katika uuguzi wa familia hawezi kuufanya mtihani wa watoto.

Tatu, jihadhari na maneno matamu kuhusu kozi za intaneti. Masomo ya darasani yanaweza kufuatwa kwa kompyuta, lakini zile saa 750 haziwezi. Vipo vyuo vinavyomwachia mwanafunzi ajitafutie msimamizi mwenyewe, na mgeni asiyejuana na mtu anaweza kukwama akiwa ameshalipa karo. Uliza mapema: Msimamizi ninatafutiwa na nani? Isitoshe, mwenye viza ya mwanafunzi ya aina ya F-1 hawezi kusoma kozi nzima kwa intaneti; kila muhula ni somo moja tu la namna hiyo linalohesabiwa katika masomo yake ya lazima.

Nne, usinunue njia ya mkato. Januari 2023 Serikali ya Marekani iliwashtaki watu 25 kwa mpango wa kuuza vyeti bandia vya uuguzi zaidi ya 7,600 vilivyotoka katika shule tatu za Florida. Walionunua walikuwa wamelipa maelfu ya dola, na wengi waliogunduliwa walipoteza leseni zao. Hasara kubwa zaidi ingekuwa ya mgonjwa.

Na kwa nyanya aliye kliniki na mjukuu mapajani, hakuna ubaya kuuliza kwa adabu: "Wewe umesomea watoto? Na mambo yakizidi, utampeleka kwa nani?" Muuguzi tabibu aliyefunzwa vizuri hatachukizwa. Maswali hayo mawili ameulizwa na msimamizi wake mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, na majibu anayo.